Namba 7 na fidla ya babu: uchambuzi wa usaili mmoja wa orkestra

Karatasi ya alama ninayo mpaka leo. Ina safu nne: kipande alama 40, skeli (nota zilizopangwa kama ngazi, kupanda na kushuka) 20, kusoma nota papo kwa papo 20, sikio 20. Mbele ya namba 7 pameandikwa 31, 8, 0, 19. Jumla 58. Tulikuwa tunatafuta wapiga fidla wanne, na aliyeshika nafasi ya nne alipata 61. Pembeni, kwenye nafasi ya maoni, kuna maneno mawili kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Sauti haijatulia."

Maneno hayo hayakuwa kweli. Na ushahidi kwamba hayakuwa kweli nilikuwa nao siku ile ile, ila sikuusikiliza.

Shule yenyewe ni sekondari ya binafsi upande wa kaskazini wa jiji. Sitaitaja, na mambo machache nimeyageuza ili binti aliyekuwa namba 7 asijulikane. Mimi hufundisha fidla pale kwa saa, siku mbili kwa wiki. Hapa Dar ukisema "orkestra ya shule" wengi picha inayowajia ni bendi ya matarumbeta. Hii ni ya nyuzi: fidla tisa zikitimia, viola moja, selo tatu ambazo moja imepasuka tumbo kwa unyevu, fluti mbili, klarineti nne za plastiki, tarumbeta na ngoma. (Klarineti za maana huchongwa kwa mpingo, na mpingo unaotafutwa sana unatoka huku kwetu, Kilwa na Lindi. Gogo linapanda meli kwenda nje, sisi tunapuliza plastiki. Tuliache hilo.)

Waliokuja kusailiwa walikuwa 11. Jumamosi ya masika, mvua ya tangu alfajiri, nusu yao wamechelewa kwa foleni. Tulikaa wasaili watatu: mimi, Madam wa piano, na mwongozaji wa orkestra, ambaye wanafunzi wakiwa mbali naye humwita "konda" kwa sababu ya neno kondakta, na anajua, na hapendi. Mgawanyo wa alama tuliuazima kutoka mitihani ya daraja ya ABRSM ya Uingereza ambayo baadhi ya watoto wa hapa mjini hufanya. Kule jumla ni 150: vipande vitatu alama 30 kila kimoja, skeli 21, kusoma 21, sikio 18, na kufaulu ni 100. Sisi tukapunguza ikawa 100, kipande kikawa kimoja. Tulichosahau kuazima ni mtaala. Mtoto anayefanya mtihani wa ABRSM ana kitabu mkononi kinachomwambia ataulizwa skeli zipi na nota za ugumu gani. Tangazo letu ubaoni lilisema: "Andaa kipande kimoja na skeli. Njoo na ala yako." Basi.

Pazia lilikuwa wazo la Madam. Orkestra ya Boston ilianza kusaili watu nyuma ya pazia mwaka 1952, na nyingine kubwa za Marekani zikafuata baadaye, ili msaili asijue anayepiga ni mwanamke au mwanamume, ni mtoto wa nani, amevaa nini. Wengine hutandika zulia sakafuni ili hata kisigino kisisikike. Sisi tukachukua pazia jekundu la jukwaa la maigizo, tukalitundika katikati ya darasa kwa kamba. Kila msailiwa namba, hakuna kuongea. Tulijisifu kidogo, nakiri.

Namba 7 aliingia tukasikia kamba ikifunguliwa. Baadaye nilikuja kuliona hilo sanduku: kufuli lake limekufa, limefungwa kwa kamba ya kiatu, na ndani fidla imefunikwa kanga. Akaanza na kipande. Wengine wote walikuwa wamepiga vipande vya vitabuni, vya daraja la pili na la tatu, vile ambavyo mwalimu wa fidla amevisikia mpaka vinamfuata usingizini. Huyu akapiga bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa taarab, bila mwimbaji. Dakika nne nzima. Mkono wa upinde mrefu, mtulivu, na vidole vinateleza kutoka nota moja kwenda nyingine badala ya kuruka. Madam alimpa 35 kati ya 40, mimi 34. Mwongozaji alimpa 24 na kuandika "nje ya nota mara nyingi". Wastani 31.

Skeli. Tulimtaka G, oktava mbili, kupanda na kushuka. Akapanda vizuri hadi nota ya tatu, B, ikawa chini. Siyo B flati (B iliyoshushwa nusu hatua), siyo B, katikati. Ya saba vivyo hivyo. Oktava ya pili, yale yale. Kushuka, ile ya saba ikawa chini zaidi, F kavu isiyo na shapu, ile alama ya kupandisha nusu hatua. Sote watatu tulitoa 8. Hatukunong'onezana, na matokeo yalipojumlishwa nikaona kulingana kwetu kama uthibitisho. Leo naona kitu kingine: tulisoma kwa mtindo mmoja, tukakosea kwa mtindo mmoja.

Kisha kusoma papo kwa papo: vipimo vinane (visehemu vya wimbo vyenye mapigo sawa) vya nota kwenye stendi, vimebanwa kwa vibanio vya nguo kwa sababu ya upepo, sekunde 30 za kutazama, halafu upige. Nyuma ya pazia kimya ni kirefu kuliko kawaida. Tulisikia kibanio kimoja kikibonyezwa na kuachiwa. Baadaye sauti ndogo: "Samahani mwalimu, hii sijui." Mwongozaji akaandika 0 na akaweka alama ya mshangao kwa kuvunja sheria ya kutoongea.

La mwisho, sikio. Kwa kawaida kinanda hupiga vipimo vinne mara mbili, msailiwa anarudisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu, kinanda ni cha umeme, ikabidi mwongozaji aimbe mwenyewe, "la la la". Namba 7 hakusubiri mara ya pili. Alirudisha yote, hata nota ya tano ambayo mwongozaji aliiimba chini kidogo. Aliirudisha chini kidogo vile vile. Madam alificha mdomo kwa karatasi. Akapewa 19, ile moja ilikatwa kwa sababu mwishoni aliongeza pambo la nota mbili ambalo halikuombwa.

Sasa jiulize, kama nilivyopaswa kujiuliza pale pale: mtoto anayerudisha wimbo mara moja tu, na kosa la mwimbaji ndani yake, anawezaje kushindwa kusikia B?

Nilijiuliza Jumatatu. Tulirekodi sauti za wote kwa simu, mzazi akilalamika tuwe na cha kumsikilizisha. Nilikuwa natafuta mfano wa skeli mbovu wa kuwachezea wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, nikachukua ya namba 7. Nikaisikiliza mara ya pili, ya tatu. Mpigaji asiye na sikio hakosei hivi. Kidole cha asiyejua hutua chini mara hii, juu mara ijayo. Huyu B yake ya chini na B yake ya oktava ya juu zilikuwa pungufu kwa kiasi kile kile, kama zimekatwa kwa kisu kimoja. Na kila alipofika G ya kati, uzi mwingine ambao haukuguswa ulikuwa ukiitika kwa chini, ukivuma. Hilo kwenye fidla yangu halivumi namna ile. Nikamwomba Madam anitafutie namba 7 ni nani.

Ni binti wa kidato cha pili, anaishi na mama yake na babu mzaa mama, Kariakoo. Nilimkuta Jumanne baada ya vipindi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nipe fidla yako niione."

Nikapitisha kidole gumba kwenye nyuzi nne, kutoka nene hadi nyembamba. Fidla ya shuleni na ya orkestra hutyuniwa G, D, A, E. Hii ilikuwa G, D, G, D. Uzi wa tatu, ambao kwangu ni A na hutetema mara 440 kwa sekunde, ulilegezwa ukawa G, 392. Uzi wa nne, E yangu ya 659, ukawa D ya 587.

"Nani kakutyunia hivi?"

"Babu. Ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo kweli. Katika muziki wa Kiarabu wapiga fidla wengi hutyuni hivyo, sol re sol re (sol ni G, re ni D), na taarab ya pwani imekula sana kwenye sahani ya Misri. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja ni ya mwaka 1905. Hapa Dar kulikuwa na Egyptian na Al-Watan, watani wa jadi, na jina la hiyo ya kwanza linajieleza. Miaka ya 1950 na 1960 vikundi vikubwa vya taarab vilikuwa na safu nzima ya fidla, pamoja na kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), udi, akodiani, selo na besi. Kwa hiyo tukisema "tumeanzisha orkestra" tunasema kwa wepesi kidogo. Watu wa mji huu walikuwa wakikaa kwenye viti, upinde juu, upinde chini, kabla shule yetu haijajengwa. Ilipofika miaka ya 1990 taarab ya kisasa ikaweka kinanda cha umeme na gitaa mbele, fidla zikabaki kwa wazee. Babu wa huyu binti ni mmoja wao.

Mtyuno huo una faida zake. Nyuzi mbili za juu ni nakala ya mbili za chini, oktava moja juu, kwa hiyo vidole unavyotumia chini unavirudia juu bila kubadili chochote. Na nyuzi zinaitikiana: ukipiga G ya kati kwa kidole kwenye uzi wa pili, G ya chini na G ya uzi wa tatu zinavuma zote mbili, wakati kwenye fidla yangu inaitika ile ya chini tu. Ndio ule uvumi niliousikia kwenye simu.

Na ile B? Nilimwomba apige tena skeli tuliyomwomba Jumamosi. Akapiga vile vile. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akanitazama kama nimeuliza jina la shule. "Rasti, mwalimu. Si mlisema kuanzia sol?"

Rasti ni mojawapo ya makamu, yaani njia za sauti za muziki wa Kiarabu. Nota yake ya tatu hukaa kati ya ile ya furaha na ile ya huzuni tunazozijua kwenye piano. Ya saba pia hukaa katikati wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka mara nyingi hushushwa zaidi. Rudi kwenye maelezo yangu ya skeli hapo juu uone: alipiga Rasti ya G, oktava mbili, sahihi, pamoja na tofauti ya kupanda na kushuka. Tulimwomba skeli ya G. Hatukusema meja, yaani ile ya furaha. Kwetu sisi G bila neno ni G meja. Kwao pale nyumbani, ukianza kumfundisha mtoto, unaanza na Rasti. Tulimpa 8 kwa kujibu swali tulilouliza.

Pazia halikusaidia kitu hapa. Lilificha hijabu, lilificha sanduku la kamba ya kiatu, lilificha Kariakoo. Lakini lafudhi ya muziki ilipita katikati ya kitambaa kama hakipo, na sisi tuliokuwa tumejiandaa kutomhukumu mtu kwa sura tukamhukumu kwa lafudhi.

Nilitaka kujua kama fidla ile inaweza kupandishwa ikawa kama zetu. Nikaiweka mapajani, nikakaza funguo ya uzi wa nne polepole, robo, tena robo. Ilikuwa karibu kufika E ikalia tap, uzi ukajikunja kama nywele ya singa iliyochomwa. Nikaomba radhi. Binti hakushtuka. "Babu alisema itakatika," akasema. Kumbe mzee alishajua mwalimu ataanza na hilo.

Mabishano kikaoni

Nikarudisha suala kwa wenzangu, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kweli, siyo pale kwenye makamu. Kuona kwamba tumekosea ilikuwa dakika tano. Kujua la kufanya ilichukua wiki mbili.

Mwongozaji hakuwa mkaidi; alikuwa na hoja, na mbili kati ya hoja zake sijazijibu mpaka leo. Kwanza, alama 0 ya kusoma ilikuwa halali. Orkestra ya watoto zaidi ya 20 ikifanya mazoezi mara mbili kwa wiki haiwezi kumngoja mtu ajifunze kila wimbo kwa kusikia. Pili, na hii ilinikaba, kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyepata 59. Naye alikosa. Ukimchukua wa 58 kwa sababu ana kisa kizuri, yule wa 59 utamwambia nini? Kwamba hana babu?

Mimi nilipendekeza tumsaili tena skeli, tumwambie "meja" waziwazi. Madam akasema hapana: ukimpa namba 7 nafasi ya pili wape wote 11, na ukiwapa wote tangaza na sheria mpya, na ukitangaza sheria mpya usaili wa kwanza umekufa. Nilimwona anazidisha. Sasa naona alikuwa sahihi kuliko sote. Kosa halikuwa kwenye alama za mtoto mmoja hata tulisahihishe kwa kalamu nyekundu. Kosa lilikuwa kwenye swali, na swali liliulizwa kwa watoto 11. Katika hao wengine 10, nani ajuaye ni wangapi walipoteza alama kwa kuelewa jambo moja wakati sisi tulimaanisha jingine?

Tulichofanya hakina uzuri wa kanuni. Alama zilibaki kama zilivyo. Waliochukuliwa wakabaki wanne. Halafu tukaongeza viti viwili vya majaribio kwa muhula mmoja, fidla ya pili, mstari wa nyuma, akaitwa wa 59 na akaitwa wa 58. Kijana wa 59 alikuja wiki tatu akaacha; ratiba iligongana na mpira, na kusema kweli mpira aliupenda zaidi. Kiti chake nikakikalia mimi kwenye mazoezi, ili mstari ule usibaki na sauti chache. Namba 7 akabaki, kwa sharti la kujifunza nota.

Na babu alikuwa na sharti lake, lililofikishwa na mama: fidla yake isiguswe. Mbao za zamani, hali ya hewa ya Dar, funguo zinavimba kwa mvua na kulegea kwa kiangazi. Ukiipandisha leo na kuishusha kesho kila siku, utaimaliza. Hilo ni suala la ufundi na alikuwa sahihi. Shule ikamwazima fidla nyingine ya kutumia shuleni. Nyumbani sol re sol re, shuleni G D A E.

Miezi ya kwanza

Mazoezi ya kwanza yalikuwa mabaya. Nilikuwa nimempigia debe mbele ya wenzangu, nikakaa pembeni yake nikisikia aibu inanipanda. Kila kipimo alikuwa nyuma kidogo. Si kwa kukosa mapigo. Mguu wake ulikuwa ukigonga sawasawa na ngoma. Alikuwa anamsikia jirani, ndipo anapiga. Asikiaye kwanza lazima achelewe, hata awe na sikio la popo.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka namna fidla zinavyokaa kwenye taarab. Mwimbaji anatangulia, fidla zinamfuata, zinamjibu, zinampambia. Kumfuata mwimbaji kwa unywele mmoja nyuma siyo kuchelewa, ndiyo kazi yenyewe. Binti alikuwa anafanya kazi aliyofundishwa. Kwetu fidla haimfuati mtu, inafuata fimbo ya mwongozaji, na fimbo haina sauti. Nikamwambia hivyo, kwa maneno machache: "Usinisikilize mimi. Mwangalie konda." Alicheka, kwanza kwa sababu nimesema konda. Wiki ya tatu ule ucheleweshaji ulikuwa umepungua nusu. Haukuisha upesi.

Vidole vilisumbua kuliko nilivyotegemea. Kidole cha kwanza kwenye uzi wa tatu nyumbani ni A, shuleni ni B. Nyuzi mbili za chini hazibadiliki, kwa hiyo akiwa chini alikuwa mtu huru, akipanda juu anaingia kwenye ukungu. Mpiga fidla hafikirii vidole kama vile wewe hufikirii miguu ukipanda ngazi. Sasa fikiria ngazi ambazo juu ya ya kumi kimo kinabadilika kulingana na nyumba uliyomo. Alikuja akazoea. Watoto wanaozungumza lugha mbili nyumbani na shuleni nao huzoea, ila kuna siku za kuchanganya.

Nota nilimfundishia kinyumenyume. Sikumpa karatasi. Nilirekodi sehemu yake ya fidla ya pili, nikaituma WhatsApp kwa simu ya mama yake, na baada ya siku mbili alikuja ameimeza yote. Hapo ndipo nikamwekea karatasi: "Hiki unachokijua kimeandikwa hapa. Nionyeshe kinaanzia wapi." Akawa anafuata kwa kidole huku akipiga kichwani. Mstari mmoja, mistari miwili. Wiki ya tano akanisimamisha: "Mwalimu, hapa karatasi imekosea." Kipimo cha 12. Nilikuwa nimenakili kwa mkono nikasahau shapu moja. Alikuwa anasoma kwa kushindana na karatasi, na nadhani hiyo ni njia nzuri ya kusoma.

Kikwazo kilichonichekesha kilitoka kwa mwenzake wa stendi, kijana wa kwaya ya kanisani, Mlutheri. Huyu anajua solfa kama anavyojua sala: d r m f s l t. Kwaya zetu nyingi zinaimba kwa solfa hiyo, na do huhama. Wimbo ukiwa kwenye G, juu kushoto wanaandika kwamba Doh ni G, na G inakuwa do. Binti naye ana do re mi za babu, ambazo hazihami hata uzitie moto: do ni C milele, na G ni sol. Mwongozaji akasema "fidla za pili, anzeni kipimo cha nane." Kijana akamnong'oneza mwenzake, "Ni sol." Kwa kijana, sol ya wimbo wa G ni D. Kwa binti, sol ni G. Wakaanza kwa kujiamini, kila mmoja pake. Mwongozaji aliweka fimbo chini na kunitazama mimi. Walibishana hadi mapumziko, kila mmoja akiapa kwamba ndivyo alivyofundishwa, na wote walikuwa wanasema kweli. Tangu siku hiyo pale kwenye stendi yao tulikubaliana kuita herufi tu.

Makamu haikumtoka, na sikutaka imtoke. Mara moja moja, hasa kwenye nyimbo za polepole, B ilimshuka kuelekea ile ya katikati. Nilipomgusa bega alirekebisha papo hapo, maana alikuwa anazisikia zote mbili kama vitu viwili. Wenzake wengi B yao ikishuka hawajui imeshuka.

Usaili wa mwaka uliofuata karatasi ilibadilika. Kusoma papo kwa papo kukashuka kutoka 20 hadi 10. Mimi nilitaka 5, kwa sababu huyu binti alinionyesha kwamba kusoma kunafundishika ndani ya muhula na sikio la namna ile halifundishiki ndani ya miaka mitatu. Mwongozaji alitaka ibaki 20, kwa sababu yeye ndiye anayesimama mbele ya watoto wasiojua kusoma, siyo mimi. Tukagawana, na hakuna aliyeridhika. Tangazo likaandika skeli kwa jina kamili, G meja. Na kwenye fomu pakaongezwa maswali mawili ya kujaza kabla ya kuingia: umejifunza kwa nani, na nyuzi zako zimetyuniwaje. Madam alisema maswali hayo yanatoboa pazia. Ni kweli yanatoboa. Fomu tukampa karani, wasaili wanapewa jibu la swali la pili tu. Bado tunabishana kama inatosha.

Tamasha la kwanza la huyu binti lilikuwa Oktoba, ukumbini shuleni, joto limeanza kurudi. Hatuna oboe, ala ya kupuliza ambayo orkestra hutyunia kwa A yake; kinanda ndicho kilichoitoa. Mstari wa nyuma wa fidla za pili ulikuwa bado mfupi, kwa hiyo nilikaa nao. Tulipiga nyimbo nne, hakuna iliyoanguka.

Baada ya watu kuinuka nilimwona mzee wa kanzu na kofia ya kiua amesimama karibu na mlango, fimbo mkononi, mjukuu pembeni yake. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mmefanya kazi." Akanyamaza kidogo, akaelekeza fimbo jukwaani, kwenye viti vitupu vya mstari wa nyuma. "Ile fidla ya tatu kutoka kushoto, uzi wake wa juu ulishuka tangu wimbo wa pili. Mwambieni."

Nilirudi jukwaani nikafungua sanduku, nikapitisha gumba. E ilikuwa imeshuka. Wa tatu kutoka kushoto nilikuwa mimi.